Fahali Wawili Zizi Moja: Jinsi ya Kuzuia Mapigano ya Madume Kundini

Ndugu mfugaji wa Mbalibali,

Wazee husema fahali wawili hawakai zizi moja. Msemo huu ni wa kweli, lakini haumalizi habari. Unajua mwenyewe kwamba madume wawili wanaweza kulala boma moja miezi mingi bila kuumizana, kisha siku moja wakapigana hadi mmoja akavunjika mguu. Kipeperushi hiki kinaeleza kwa nini siku hiyo hufika, na nini kifanyike kabla haijafika.

KWA NINI MADUME HUPIGANA

Jike hubeba mimba miezi tisa na kwa kawaida huzaa ndama mmoja. Katika muda huo huo dume mmoja anaweza kuzalisha majike wengi, iwapo atawazuia wenzake wasiwapande. Hicho ndicho kinachogombewa. Homoni ya testosteroni, inayotoka kwenye korodani, ndiyo inayomjaza shingo, kumkuza nundu na kumfanya awe tayari kupambana.

Wanyamapori jirani zetu wako hivyo pia. Mwezi Mei na Juni, mvua za masika zinapokwisha na nyumbu wanapoelekea magharibi mwa Hifadhi ya Serengeti, kila dume mwenye nguvu hushika kipande chake cha ardhi. Anayeingia hapo hukutana na pembe, na wote wawili hupiga magoti wakisukumana. Majike wengi hupandwa ndani ya wiki tatu hivi, ndiyo maana ndama wao huzaliwa karibu kwa wakati mmoja, hasa mwezi Februari.

Dume wa swala pala anayelinda eneo hukimbiza wenzake mchana kutwa na kukosa muda wa kula. Hukonda, kisha mwenye afya zaidi humnyang'anya. Simba madume wakiteka kundi jipya, mara nyingi huua watoto wadogo wa madume waliotangulia, na majike hurudi kwenye joto mapema.

Ushindi, basi, una gharama kubwa. Kwa sababu hiyo wanyama wengi hutishana kwanza. Kila mmoja huonyesha ukubwa wake, na anayejiona dhaifu huondoka. Pigano kali hutokea pale wawili wanapolingana nguvu na haijajulikana mkubwa ni nani.

NI LINI NG'OMBE WAKO WATAPIGANA

Madume waliozoeana wanajua nafasi zao. Hatari huongezeka katika nyakati hizi:

1. Dume mgeni anapoletwa kundini.
2. Makundi mawili yanapokutana kwenye josho, lambo au mnada.
3. Jike anapokuwa kwenye joto. Joto hudumu chini ya siku moja, na hurudi kila baada ya siku 21 hivi kama mimba haikushika.
4. Dume kijana anapokua na kulingana na mkubwa wake.
5. Dume mkubwa anapozeeka, kuugua au kuchechemea.

DALILI ZA HATARI

Dume anayetisha husimama ubavu ili aonekane mkubwa. Hukunja shingo, hushusha kichwa, huparua ardhi kwa kwato, husugua shingo kwenye udongo na kunguruma. Manyoya ya mgongoni husimama na macho hutokeza. Akimfanyia mtu hivyo, si mchezo. Anamwona mtu huyo kama dume mwenzake.

Dume aliyelelewa peke yake nyumbani, akichezewa kichwa na watoto tangu akiwa ndama, anaweza kuwa hatari kuliko wengine akikua, kwa sababu hamwogopi mtu. Ndama dume alelewe pamoja na ndama wenzake, na watoto wakatazwe kusukumana naye.

MFUNDISHE MTOTO MCHUNGAJI

Ng'ombe anaweza kununuliwa mwingine, mtoto hapana. Mwambie hivi:

– Usiingie kamwe kati ya madume wanaopigana, hata kama mmoja ni mpenzi wako.
– Usisimame nyuma ya anayeshindwa. Akigeuka kukimbia, hatazami aliye mbele yake.
– Ondoa majike na ndama kwanza. Jike aliye kwenye joto akitoka, ugomvi mara nyingi hupoa.
– Dume akikutisha, usimpe mgongo na usikimbie. Rudi nyuma polepole ukimtazama hadi ufike kwenye mti au uzio.
– Ita watu wazima.

Wakipigana ndani ya boma, mtu mzima afungue lango akiwa upande wa nje. Anayeshindwa akikosa njia ya kutoka, ndipo anapouawa.

PANGA KUNDI LAKO

Punguza madume. Dume mmoja aliyekomaa na mwenye afya anatosha majike 25 hivi. Kijana wa miaka miwili apewe kama 10 hadi 15. Madume wa ziada hula malisho na kuleta ugomvi bila kuongeza ndama.

Hasi mapema. Ndama dume wasiochaguliwa wahasiwe wakiwa wadogo, ikiwezekana kabla ya miezi sita, kwa koleo la burdizo na mtu aliyefundishwa. Wafugaji wengine huchelewa ili maksai wa kulima ajaze shingo. Ukichelewa, mtenge na mitamba. Kumbuka pia kwamba aliyehasiwa akiwa mkubwa anaweza kutia mimba kwa wiki kadhaa baadaye.

Chagua mwenyewe. Porini mshindi wa pigano ndiye baba. Nyumbani, pigano halikuambii kama mama wa dume huyo alikuwa na maziwa mengi, kama alikua haraka, au kama mbegu zake ni nzima. Dume tasa mwenye nguvu huwazuia wenzake huku majike wakirudia joto kila baada ya siku 21. Ukiona majike kadhaa wanarudia, mpime dume kabla ya kuwalaumu majike.

Badilisha dume kila baada ya miaka miwili hadi mitatu, kabla hajawapanda mabinti zake. Ukiazima au kununua, uliza historia ya kundi alikotoka, kwa kuwa baadhi ya magonjwa ya kutupa mimba huenezwa kwa kupandana. Mgeni atengwe kwanza, kisha wakutanishwe malishoni penye nafasi, siku ambayo hakuna jike kwenye joto. Usiwakutanishe bomani.

BAADA YA PIGANO

Kagua miguu, macho, tumbo, uume na korodani. Osha majeraha kwa maji safi yenye chumvi na uzuie nzi. Mwite afisa mifugo kwa jeraha lenye kina au korodani iliyovimba. Mbegu za dume huchukua miezi miwili hivi kutengenezwa, hivyo aliyeumia korodani anaweza kuonekana mzima, akapanda, na mimba isishike. Mpumzishe.

TAHADHARI YA TEMBO

Tembo dume naye huwa na kipindi chake cha ukali. Ukiona majimaji yakitiririka kati ya jicho na sikio, na mkojo ukidondoka mfululizo, usimkaribie wala kumpigia kelele. Geuza kundi mapema, uache nafasi kubwa, na utoe taarifa kwa askari wa wanyamapori au uongozi wa kijiji.

KUMBUKA

Pigano huzuiwa kabla halijaanza. Leo jioni mifugo ikirudi, hesabu madume wako na majike wako. Ukiwa na madume kuliko unavyohitaji, amua yupi atabaki, yupi atahasiwa na yupi ataenda mnadani. Usipoamua wewe, wataamua wao kwa pembe.