Geuza Sarafu: Vidokezo vya Kusoma Shaba za Warumi

Ukiona sarafu ya shaba ya Roma ya kale, macho hukimbilia sura ya kaisari. Anza na upande wa nyuma. Huko ndiko watawala walikozungumza na watu wao, hata wasiojua kusoma.

1. Tazama kilicho mkononi. Wanawake wengi waliosimama nyuma ya sarafu hizi si malkia. Ni amani, bahati au afya iliyopewa umbo la mtu, na utawajua kwa wanachoshika. Mwenye tawi la mzeituni ni Pax, amani. Mwenye usukani wa meli na pembe iliyojaa matunda ni Fortuna, bahati. Anayelisha nyoka ni Salus, afya. Mwenye masuke ya ngano mara nyingi ni Annona, ugavi wa nafaka, na huyu usimpite haraka. Roma ilikula ngano iliyoletwa kwa meli kutoka Misri na Afrika Kaskazini, na mwaka 51 umati wenye njaa ulimzonga Kaisari Claudius hadharani. Kuchora Annona kulikuwa kuwaahidi watu mkate.

2. Tafuta S C. Ni kifupi cha "kwa azimio la Seneti", na shaba nyingi za karne tatu za mwanzo zinazo.

3. Soma taji. Tangu enzi za Nero, kaisari mwenye taji la miale huashiria dupondi, sarafu yenye thamani ya nusu ya sesterti. Kwenye sesterti, ile kubwa ya shaba ya manjano, kwa kawaida huvaa taji la majani.

4. Usipuuze wanyama. Ninayempenda kuliko wote ni faru wa Kaisari Domitian, kwenye kisarafu cha gramu tatu hivi: ana pembe mbili, kama faru wetu wa Afrika. Mamba aliyefungwa mnyororo kwenye mtende, sarafu ya Nîmes, Ufaransa, anatangaza kutekwa kwa Misri mwaka 30 KK.

5. Mbwa mwitu jike anayenyonyesha mapacha, juu yake nyota mbili, ni wa enzi za Konstantino, karibu na mwaka 330. Sarafu zake zipo nyingi, na bei yake haiumizi. Herufi za chini kabisa zinataja mji ilikofuliwa.

6. Usiisugue! Utando mgumu wa kijani au kahawia huilinda shaba, na ukiondoka haurudi. Unga laini wa kijani hafifu ni jambo jingine: chumvi za klorini zinaila sarafu. Itenge na nyingine, iweke pakavu, umwone mtaalamu.