Spinachi iliyovuka theluji

*Bwana shamba, naishi Ohio, Marekani. Mwezi Septemba nilipanda spinachi, theluji ikaifunika, nikajua imekufa. Sasa ni Aprili na imechipua majani mazito, matamu ajabu! Watoto wanayala mabichi. Je, ni salama? Na niyavune vipi?*
*Mama Wawili*

Hongera, Mama Wawili! Ondoa hofu, majani hayo ni salama. Spinachi huvumilia baridi kali kwa kulimbikiza sukari ndani ya majani, ili maji yaliyomo yasigande upesi. Ndiyo maana wanao wameivamia bustani. Waache wafaidi, ila yaoshwe vizuri. Mikunjo yake huficha mchanga.

Chuma majani ya nje, uache moyo wa mche uendelee kuchipua. Asubuhi yenye jalidi, subiri iyeyuke kwanza, maana jani lililoganda ukilishika hulegea na kuharibika. Yaliyooza yatupe kwenye mboji.

Lakini usichelewe. Mchana ukirefuka hadi kukaribia saa 14, mwezi Mei, mche hurefusha shina utoe maua, na majani huchongoka na kuwa machungu. Ukiona shina linapanda, vuna yote siku hiyo hiyo. Yanayozidi chemsha dakika 2, tia kwenye maji baridi, kamua, weka kwenye friza. Mengine yaunge kwa nazi, mle na ugali.

Ukiona madoa ya njano juu ya jani na ukungu wa kijivu chini yake, lipeleke kwa maafisa ugani wa kaunti yako. Na kama nyumbani kuna anayetumia warfarini, azungumze na daktari kabla ya kuongeza spinachi, kwa sababu ina vitamini K nyingi.