Toleo Jipya la Pikipiki: Sifa za Kijiweni na Ukaguzi wa Mnunuzi

Toleo jipya la pikipiki linapoingia madukani, habari zake hufika Kisarawe kabla ya pikipiki yenyewe. Siku ya kwanza inapoegeshwa kijiweni, iwe Kisarawe mjini, Minaki au Maneromango, waendeshaji huizunguka. Mmoja hupiga kiki, mwingine hukandamiza shokapu, wa tatu huinama kutazama bomba la moshi lilivyochomelewa. Kabla jua halijatua hukumu imekwisha kutolewa. Wapo wanaoapa kwamba safari hii kiwanda kimewakumbuka. Wapo wanaoapa kwamba toleo la zamani lilikuwa chuma na hili jipya ni bati.

Sisi ambao kazi yetu ni kumlinda mlaji hatuyadharau mazungumzo hayo. Mtu anayepanda mlima wa Pugu kila siku akiwa na abiria, au anayepita kwenye mchanga akiwa na magunia mawili ya mkaa, anaijua pikipiki kuliko tangazo lolote. Hata hivyo, somo hili linataka mnunuzi atenganishe mambo mawili yanayochanganywa mara nyingi: sifa ya jina, na hali ya pikipiki moja aliyokabidhiwa yeye.

Tuchukue mfano. Kijana amepewa pikipiki mpya kwa mkataba, na kila siku anampelekea mwenye mali hesabu ya shilingi 10,000 hadi pikipiki iwe yake. Pikipiki ina kasoro, nayo inalala gereji siku 3 kila mwezi. Hesabu haisubiri gereji. Kwa mwezi kijana anadaiwa shilingi 30,000 ambazo hakuzifanyia kazi, na kwa mwaka shilingi 360,000, kabla ya kuhesabu vipuri na ujira wa fundi. Ikiwa kasoro hiyo ni ya breki, hasara haitapimwa kwa shilingi.

Kwa nini pikipiki mbili za toleo moja hazifanani

Wahenga walisema: usione vyaelea, vimeundwa. Pikipiki huundwa kwa hatua, na kila hatua ina makosa yake.

Hatua ya kwanza ni usanifu. Kosa la usanifu humo katika kila pikipiki ya toleo hilo, kwa mfano waya uliopitishwa mahali unaposuguliwa na usukani. Hatua ya pili ni utengenezaji wa vipande kiwandani. Hapa kosa huweza kuwapata wachache tu, wale walionunua pikipiki za mkupuo mmoja ambao chuma chake hakikupikwa vizuri au mpira wake haukukaza. Kiwanda hupima ubora kwa kuchukua sampuli na kwa kukagua mstari wa kazi. Kipande kibaya huweza kupenya kati ya vilivyo vizuri.

Hatua ya tatu husahauliwa na wengi. Pikipiki nyingi zinazouzwa nchini, ziwe zimetoka India au China, husafirishwa zikiwa hazijaunganishwa zote. Gurudumu la mbele, usukani, betri, vioo na vitu vingine hufungwa hapa hapa na mafundi wa muuzaji. Kwa hiyo nati iliyolegea katika pikipiki yako huenda haikuguswa na mtu yeyote kiwandani. Pikipiki mbili za jina moja, za rangi moja, zilizotoka katika kontena moja, zaweza kutofautiana kwa sababu moja ilifungwa asubuhi na fundi mtulivu, na nyingine jioni na fundi mwenye haraka.

Hatua ya nne ni matumizi. Pikipiki iliyobeba abiria watatu na gunia la mihogo tangu siku ya kwanza, bila kubadilishwa oili, itachoka mapema hata kama ilitengenezwa kwa uangalifu mkubwa. Lawama hiyo si ya kiwanda.

Anayesema kijiweni kwamba toleo hili ni bovu hana budi kuulizwa: ubovu huo ni wa hatua ipi? Jibu ndilo linaloonyesha nani wa kudaiwa.

Ladha na kasoro

Si kila lalamiko ni kasoro. Mazoea nayo hulalamika. Mtu aliyeendesha Boxer au TVS kwa miaka mitano huiona tangi mpya kuwa kubwa mno, kiti kuwa kirefu mno na mlio kuwa mwembamba mno. Hayo ni mambo ya ladha, na dawa yake ni kujaribu kabla ya kununua. Kasoro ni jambo jingine: gia inayochomoka yenyewe, oili inayovuja kwenye kifuniko cha injini, rimu inayoyumba, breki inayohitaji kukazwa kila siku. Ladha haina dai mbele ya muuzaji, kasoro inalo.

Sifa nazo zichujwe vivyo hivyo. Husemwa kwamba chema chajiuza na kibaya chajitembeza, lakini katika juma la kwanza chema na kibaya vyote hujitembeza. Injini mpya yenye kilomita 200 haijathibitisha chochote. Muulize aliyeitumia kwa miezi sita katika njia kama yako, wala usimuulize kama inafaa. Muulize amebadilisha nini, lini, na kwa bei gani.

Sheria inasemaje

Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, inamkinga mnunuzi kwa masharti ambayo huhesabiwa kuwamo katika mauzo hata yasipotamkwa. Mambo matatu katika sheria hiyo yanahusu somo letu.

La kwanza: ukimweleza muuzaji shughuli unayoitakia bidhaa, ukategemea ujuzi wake, bidhaa inapaswa kuifaa shughuli hiyo. Lakini ukienda dukani na kutaja jina la kibiashara tu, kinga hii huweza kudhoofika, kwa kuwa ulichokitegemea ni jina na si ushauri wa muuzaji. Basi sema wazi: «Nataka pikipiki ya kubeba abiria na mizigo kutoka Mzenga hadi Kisarawe, njia ya mchanga na milima.» Ikiwezekana, maneno hayo yaandikwe katika hati ya mauzo.

La pili: ukiikagua bidhaa kabla ya kununua, huwezi baadaye kudai kwa kasoro ambayo ukaguzi huo ulipaswa kuifichua. Kwa hiyo usikague kwa macho ya kupita.

La tatu: mnunuzi akikaa na bidhaa kwa muda mrefu kupita kiasi bila kusema kwamba anaikataa, huhesabiwa kuwa ameikubali. Ukimya ni sahihi yako ya pili.

Pamoja na sheria hiyo, Sheria ya Ushindani Na. 8 ya mwaka 2003 inakataza mwenendo wa kumpotosha mlaji, nayo ndiyo iliyoanzisha Tume ya Ushindani. Ubora wa bidhaa husimamiwa na Shirika la Viwango Tanzania, TBS, kwa Sheria ya Viwango Na. 2 ya mwaka 2009. Alama ya viwango na vyeti vya shehena ni kinga kubwa, lakini haviondoi haja ya kuitazama pikipiki utakayoipanda wewe.

Ukaguzi wa nusu saa dukani

Nenda asubuhi, ukiwa na fundi unayemwamini kama unaye. Usilipe malipo ya mwisho kabla ya kumaliza hatua hizi.

1. Linganisha namba ya chesisi, iliyogongwa kwenye shingo ya usukani, na namba ya injini, pamoja na zile zilizo katika nyaraka. Tarakimu moja ikitofautiana, simama hapo hapo.

2. Tazama oili kabla ya injini kuwashwa. Injini inayowashwa bila oili huharibika kwa dakika chache, na madhara yake huonekana baada ya miezi.

3. Shika kila nati kubwa: za ekseli zote mbili, za usukani, za shokapu na za injini.

4. Simamisha pikipiki kwa stendi ya kati, zungusha gurudumu la nyuma. Lizunguke bila kusugua wala kuyumba. Gonga spoku moja moja kwa spana ndogo. Inayolia kwa sauti nzito kuliko wenzake imelegea.

5. Pima ulegevu wa mnyororo mahali kadhaa huku ukizungusha gurudumu. Ukikaza hapa na kulegea pale, mnyororo au sproketi ina walakini. Hakikisha alama za kukazia, kulia na kushoto, ziko sawa.

6. Washa injini ikiwa baridi. Iache ingurume taratibu, kisha zungusha usukani kulia na kushoto hadi mwisho. Mngurumo ukipanda, waya wa mafuta umevutwa, na siku moja utakurusha kwenye kona.

7. Jaribu taa zote, honi, indiketa, na taa ya breki kwa mkono na kwa mguu.

8. Endesha mwendo mfupi, pitia gia zote, funga breki ya mbele na ya nyuma kila moja peke yake.

Kisha dai risiti ya mashine ya EFD, nyaraka za usajili, kitabu cha maelekezo na hati ya udhamini. Soma udhamini hapo hapo: ni wa miezi mingapi au kilomita ngapi, vipande gani haviguswi, na matengenezo ya kwanza hufanywa wapi. Kwa kawaida matengenezo hayo huja kati ya kilomita 500 na 1,000, lakini kitabu ndicho mwamuzi. Anayeyakosa humpa muuzaji sababu ya kumkatalia.

Daftari la kijiwe

Maneno ya kijiweni hupotea na upepo. Yakiandikwa huwa ushahidi. Tunashauri kila kijiwe kiwe na daftari moja la kumbukumbu za pikipiki mpya: tarehe, namba ya chesisi, kilomita zilizosomwa, kilichoharibika, mzigo uliokuwapo, na kazi aliyoifanya fundi.

Kasoro ikitokea katika pikipiki moja, huenda ni ya ufungaji au ya matumizi. Ikitokea katika tatu zenye namba za chesisi zinazokaribiana, yafaa kushuku mkupuo mmoja wa kiwanda. Ikitokea katika nyingi zenye namba zilizoachana mbali, yafaa kushuku usanifu. Yule anayelalamika kwa hasira huambiwa atulie. Wale wanaofika na kurasa nne zilizojazwa husikilizwa. Lakini kasoro za breki, magurudumu na usukani zisisubiri pikipiki ya pili. Egesha pikipiki, toa taarifa siku hiyo hiyo.

Namna ya kulalamika

Anza na muuzaji, kwa maandishi, ukibaki na nakala yenye tarehe na sahihi ya aliyepokea. Eleza kasoro na unachokitaka: kutengenezewa, kubadilishiwa au kurejeshewa fedha. Usimruhusu fundi wa mtaani kufungua injini kabla ya muuzaji kuiona, wala usitupe kipande kilichovunjika. Usipojibiwa, nenda kwa afisa biashara wa halmashauri, kisha Tume ya Ushindani, au TBS pale kasoro inapohusu ubora na usalama. Aliyechukua pikipiki kwa mkataba amjulishe pia mwenye mali tangu siku ya kwanza, na kabla ya kutia sahihi wakubaliane nani anabeba siku za gereji zinazotokana na kasoro ya kiwanda.

Maswali ya kujipima

1. Pikipiki yako inavuja oili tangu juma la kwanza, na za wenzako wanne wa toleo hilo hazivuji. Utashuku hatua ipi kwanza?

2. Rafiki yako alinunua kwa kutaja jina tu. Je, angesema nini zaidi dukani?

3. Ni kasoro zipi zisizosubiri kuthibitishwa na pikipiki ya pili, na kwa nini?