Samaki Walao Majani Katika Mabwawa Madogo

Mwenye bwawa dogo la kunyweshea ng'ombe aijua taabu ya magugu ya majini. Mwaka wa kwanza maji ni meupe. Mwaka wa tatu hapana pa kutumbukiza ndoo, na konokono wachukuao kichocho wamejificha katika majani yale yale wanamopita watoto wakiteka maji. Kuyang'oa kwa mikono ni kazi ya kila msimu, na kusimama majini ndiko kunakoleta ugonjwa wenyewe.

Yupo samaki awezaye kusaidia. Ni wa jamii ya perege, na wataalamu humwita Coptodon zillii. Kwao ni mto Nile, ziwa Albert na ziwa Turkana. Msimchanganye na perege wengine, kwa maana wengi wao hula vimea vidogo mno vieleavyo majini, wala hawatawapunguzia gugu hata moja. Mtamtambua kwa uzazi wake: perege wengi huyaweka mayai kinywani mpaka yaanguliwe, bali huyu huyataga chini, na dume na jike huyalinda pamoja. Makinda yake hula vidudu. Mla majani ni samaki aliyekwisha kukua. Basi msitie vifaranga leo mkatazamia kazi mwezi huu.

Chakula chake ni majani laini yaliyo chini ya maji. Matete hayawezi. Gugumaji pia msimtwike. Katika ziwa Victoria, miaka ya 1990, walioletwa kulipunguza ni mbawakavu.

Sasa neno kubwa. Samaki huyu huzaa upesi mno. Nimeona bwawa ambalo mwenyewe aliwahurumia samaki wake, asivue hata mmoja: wakajaa, wakadumaa, wakala kila jani, kisha kingo zikamomonyoka na maji yakawa tope hata ng'ombe wakayakataa. Vueni mara kwa mara, mle. Kambare wachache nao watapunguza makinda.

Bwawa ambalo maji yake hufurika hadi mtoni lisitiwe samaki huyu kabisa. Miaka ya 1950 alitiwa katika ziwa Victoria; makinda yake yakagombea ufuko na makinda ya mbiru, samaki wa asili wa ziwa lile. Sangara naye akaongeza madhara, na leo mbiru ni haba. Mwiteni afisa wa uvuvi autazame mfereji wenu wa kutolea maji kabla hamjaleta samaki hata mmoja.