Topolojia Ipi ni Bora? Kwanza Uliza: Bora kwa Nani?

Mwaka wa kwanza niliulizwa kwenye jaribio: "Linganisha topolojia nne za mtandao wa kompyuta." Nikajaza ukurasa mzima, nikafunga kwa mbwembwe: "Nyota ndiyo bora." Nikapata alama 3 kati ya 10. Pembeni mwalimu kaandika: "Bora kwa nani?"

Niliona nimeonewa. Jioni wenzangu wakanikuta barazani, chini ya majumba ya Michenzani. Tukachora kompyuta sita sakafuni kwa chaki, na kila mchoro tukauuliza: nyaya ngapi? Ukikatika mmoja, nani anabaki kimya? Kitu gani kikifa, sote tumekwisha?

Basi: waya mmoja mrefu, kompyuta zote zimechomekwa humo. Gharama ndogo. Lakini waya huo ukikatika popote, mtandao mzima unasimama. Na wawili wakituma kwa pamoja, habari zinagongana.

Nyota: nyaya sita, zote zinakwenda kwenye swichi. Fikiria mzunguko wa Michenzani: barabara moja ikifungwa, nyingine zinapitika. Ukifungwa mzunguko wenyewe, hapiti mtu. Swichi ndiyo mzunguko wetu.

Pete: nyaya sita pia. Kila mmoja anampokeza jirani yake kwa zamu, hakuna kugongana. Ila pete ya njia moja ikikatika, habari haimalizi safari.

Meshi kamili: kila mmoja kaunganishwa na kila mwenzake. Kanuni ni n(n−1)/2, kwa hiyo 6 × 5 ÷ 2 = nyaya 15. Kompyuta 20 zinataka nyaya 190! Ukikatika mmoja, njia nyingine zipo tele. Mfuko je?

Hapo ndipo nikalielewa swali la mwalimu. Umeme wa Unguja ulikuwa ukitegemea waya mmoja wa baharini kutoka bara. Ulipoharibika Desemba 2009, kisiwa kilikaa gizani hadi Machi 2010. Pampu zikasimama, watu wakahangaika na ndoo za maji. Waya mpya wa megawati 100 ulikuja 2013.

Lakini kuwa na nyaya mbili pekee hakutoshi. Mei 2024 nyaya za intaneti za EASSy na Seacom, zote zikiambaa na pwani ya mashariki ya Afrika, zilikatika kwa wakati mmoja, na intaneti ya Tanzania ikazorota. Njia ya akiba iliyopita palepale si akiba.

Basi, kwa maabara ya kompyuta sita, bado nasema nyota, na swichi ya akiba kabatini. Kwa hospitali ningelipia njia zaidi, kwani pale kimya kinaweza kuua.

Zoezi lako: chora mtandao wa maabara yenu, kisha futa waya mmoja kwa kifutio. Andika nani kapotea. Hapo ndipo uandike "bora", na useme kwa nani, kwa pesa ngapi.