Sindano Inasingiziwa: Majibu kwa Wafumaji

Baridi imeingia na barua zimefurika. Zinazouliza sindano hushikwaje nimeziweka kando. Hilo atakuonyesha jirani yako.

Nimetumia uzi na sindano kama za dada yangu, lakini sweta langu wanaingia watu wawili. Kwa nini? (Njombe, Limuru na Lushoto, kilio kimoja.)

Kwa sababu mkono wako si wa dada yako. Mmeshikilia kwamba namba ya sindano ndiyo inayoamua ukubwa wa sweta. Kinachoamua ni vitanzi vingapi vinakaa ndani ya sentimita 10, na hapo kila mtu na anavyouvuta uzi. Tuseme maelezo yanataka vitanzi 22 kwa sentimita 10, na sweta lina mzunguko wa kifua wa sentimita 100. Unaanza na vitanzi 220. Mkono wako mlegevu, unapata 20 tu. Vitanzi viwili unavidharau, kumbe 220 kwa mkono huo ni sentimita 110. Mtu wa pili kaingilia hapo.

Fuma kwanza kipande cha majaribio, kipana kuzidi sentimita 10 maana kingo hudanganya. Kifue, kikauke, ndipo upime katikati. Vikizidi 22, chukua sindano nene zaidi. Vikipungua, nyembamba zaidi. Namba zenyewe nazo zina vituko: namba 8 ya Uingereza ya zamani ni milimita 4, ya Marekani ni milimita 5, na kwa Waingereza hao namba ikipanda sindano hupungua unene. Soma milimita. Mnaniandikia kwamba hamna muda wa majaribio. Wa kufumua mgongo mzima mmeupata wapi?

Ni kweli mjamzito akifuma, kitovu humzonga mtoto shingoni?

Si kweli. Nenda kliniki, na uzi wako uutie mkobani. Foleni ni ndefu.

Muuzaji anaapa ni sufu halisi, na bei ni ya kutupa. Nitajuaje?

Kata kipande cha uzi, kichome juu ya sahani. Sufu hunuka nywele zilizoungua, na majivu yake hupukutika ukiyafikicha. Akriliki huyeyuka, ikipoa huacha tone gumu. Akriliki sina ugomvi nayo, ni rahisi na inafulika. Ugomvi wangu ni na anayeiuza kwa jina la sufu, mama akamvalisha mtoto anayetambaa karibu na jiko la mkaa. Kinachoyeyuka kwenye sahani huyeyuka na kwenye ngozi.

Sweta la sufu nimelifua kwa maji ya moto, sasa linamtosha mwanasesere. Litarudi?

Halirudi.

Soksi: kisigino kinanishinda, kinatoboka upesi, nimeishia soksi moja. (Barua kadhaa.)

Kisigino ndicho raha ya kazi yote, msikikimbie. Chukua nusu ya vitanzi, fuma huku na huku, kila mstari ukiacha kimoja mwishoni mpaka ibaki theluthi ya katikati. Kisha virudie kimoja kimoja. Utaona kitambaa kikijikunja kuwa mfuko mkononi mwako. Kutoboka, tafuta sufu iliyochanganywa na nailoni, robo inatosha. Na soksi ya pili ianze usiku uleule unaofunga ya kwanza. Ukilala, kesho utaanza kofia.

Mteja anataka sweta la mkono kwa bei ya mtumba. Nimjibuje?

Mwelekeze kwenye mtumba.