Vidokezo: Bakuli la Njiwa Parklands

Nyumba nyingi za Parklands, Nairobi, hazikosi bakuli la maji na konzi ya mtama kwa ajili ya ndege. Kwa majirani zetu Wahindu na Wajaini ni ibada, kwa wengine ni raha ya asubuhi. Endelea kuwalisha, ila fahamu kwamba ndege hubeba vimelea vya seli moja, na bakuli chafu ndilo linalovisambaza.

1. Osha bakuli kila siku. Hiki ndicho kidokezo kikubwa kuliko vyote. Kimelea kiitwacho trikomonasi hukaa mdomoni na kooni mwa njiwa. Anapokunywa, hukiacha majini, na anayemfuata hukimeza. Mama na baba huwapa makinda yao kimelea hicho pamoja na yale maziwa mazito wanayowacheulia. Udhaifu wake ni mmoja: hakistahimili ukavu. Kwa hiyo mwaga maji, sugua bakuli, lianike juani mpaka likauke kabisa, ndipo ujaze tena.

2. Mtazame njiwa kooni. Akijikunyata, akameza kwa taabu, na ukaona utando wa manjano mdomoni, ondoa chakula na maji kwa wiki mbili au zaidi ili ndege watawanyike. Mwewe anayemla njiwa huyo huambukizwa pia. Usimpe njiwa mgonjwa vidonge vilivyobaki kabatini. Kipimo cha ndege anakijua daktari wa mifugo.

3. Usiogope kupita kiasi. Trikomonasi ya njiwa haimpati binadamu. Vumbi la mavi makavu ndilo la kuchunga, kwa sababu ya kuvu na bakteria: lowesha kwanza, funika pua, kisha fagia.

4. Una kuku nyuma ya nyumba? Kuhara damu kwa vifaranga mara nyingi ni kazi ya kimelea kiitwacho aimeria. Kuku hawaambukizwi aimeria na njiwa, kwani kila aina ya ndege ina ya kwake. Adui ni banda lenye unyevu, maana kimelea kikitoka na kinyesi huhitaji majimaji na joto kwa siku moja au mbili ili kikomae. Msimu wa mvua ndefu, badilisha maranda mapema, wala usingoje kuona damu.

5. Malaria ya ndege nayo ipo, na haikuhusu wewe. Hata hivyo tuna deni kwa ndege: ni kwao daktari Ronald Ross alikothibitisha mwaka 1898, kule Calcutta, kwamba mbu ndiye anayeeneza vimelea vya malaria. Ndiyo maana leo tunatumia chandarua kuzuia malaria.

6. Paka asile ndege mbichi. Hupata kimelea kiitwacho toksoplasma, kisha hukimwaga kwenye kinyesi chake. Kimelea hicho chaweza kumdhuru mtoto aliye tumboni, hivyo mama mjamzito asiguse mchanga wa paka.

7. Jifunze kumjua ndege mzima kabla ya kumtambua mgonjwa. Tembea City Park, au jiunge na matembezi ya kutazama ndege ya shirika la Nature Kenya, Jumatano asubuhi, ambayo Fleur Ng'weno alianza kuyaongoza mwaka 1971.

8. Ukikuta njiwa kadhaa wamekufa mahali pamoja, usiwaguse kwa mikono mitupu na usiwatupe kimyakimya kwenye pipa. Mwarifu ofisa wa mifugo wa kaunti siku hiyohiyo.